Zamu ya Siku ya Msiba

Mgeni alipiga hodi mara tatu kabla Moza hajaitika. Ilikuwa saa nne asubuhi, na mtaa wa Mikoroshoni, pale Mingoyo, ulikuwa kimya. Watu wote walikuwa msibani. Moza naye alikuwa amerudi mara moja tu kuchukua mkeka, maana mikeka ya wafiwa haikutosha.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu. Nani?"

"Fundi, dada. Natengeneza cherehani."

Mlangoni alisimama mwanamume mwembamba mwenye mkoba wa turubai begani. Viatu vyake vilijaa vumbi jekundu. Alisema anaitwa Sixbert, kwao Newala, na kwamba anazunguka mji kwa mji akitafuta kazi. Alikuwa amepiga hodi nyumba sita bila kujibiwa.

"Ujibiwe na nani? Leo tuna maziko," Moza alisema. "Lakini umekuja vizuri. Yangu imegoma tangu juzi. Sindano haishuki."

Sixbert aliingia ukumbini, akakilaza kichwa cha cherehani na kuchungulia chini yake. Akacheka.

"Dada, hapa pana spoku ya baiskeli mahali pa skrubu! Fundi gani huyu?"

"Mwache huyo. Huyo ni somo yangu, Bi Rehani."

Bi Rehani ndiye aliyemfunda Moza alipokuwa mwari. Ndiye pia aliyemfundisha kushona, na macho yake yalipoanza kufifia, akampa cherehani hiyo. Moza alipoachika, alilea watoto wake wawili kwa sare za shule alizoshona nayo. Hakuwa na kazi nyingine.

"Basi mwambie nimemkubali," Sixbert alisema. "Wenye vyeti wasingeiwaza hii. Nipe nusu saa tu."

"Kesho, kaka. Nikichelewa nitasemwa."

"Kesho asubuhi nitakuwa hapa."

Alikunywa maji, akashukuru, akashika njia ya kwenda barabarani. Moza alifunga mlango kwa ufunguo, kisha akautundika ufunguo kwenye msumari chini ya paa, upenuni.

Kila nyumba ya Mikoroshoni ilikuwa na msumari wake. Mtoto akitoka shule aingie. Ndugu akitoka shamba asikae juani. Waliishi hivyo tangu mtaa ulipokuwa na nyumba nne tu, na kila mtu alijua msumari wa kila mtu.

Moza aliporudi baada ya sala ya adhuhuri, mlango ulikuwa umefungwa na ufunguo ulikuwa mahali pake. Meza ya cherehani ilikuwepo ukumbini. Kichwa chake hakikuwepo.

Alitafuta hadi uvunguni mwa kitanda, ingawa alijua kitu kizito kama kile hakiwezi kwenda uvunguni chenyewe. Kisha akatoka nje na kukaa kizingitini. Jirani yake Naima alimwona.

"Moza, una nini?"

"Cherehani yangu haipo."

Habari ilienea kwa haraka. Ulikuwa wizi wa tatu katika miezi mitatu. Kwanza ilikuwa redio na mtungi wa gesi, kisha magunia mawili ya korosho, na sasa cherehani. Wanaume waliotoka makaburini hawakuvua hata kanzu.

"Kuna mgeni yeyote aliyeonekana?"

"Alikuja fundi," Moza alijibu. "Fundi wa cherehani."

Aliyasema maneno hayo bila kufikiri. Nusu saa baadaye alitamani angeyasema polepole zaidi.

Walimkuta Sixbert kwa mama lishe barabarani, anakula ugali. Mkobani mwake walikuta sindano na bobini, nati na chupa ya mafuta. Hayo yaliwatosha. Walimleta Mikoroshoni wakimsukuma, shati limechanika bega. Wengine walishika mawe. Mmoja aliuliza nani ana kiberiti.

Aliyewazuia njia ni Jafari, mjumbe wa serikali ya mtaa, mtu mfupi asiyejua kupaza sauti. Alisimama kati ya Sixbert na watu, mikono ameitanua, simu sikioni.

"Jafari, toka hapo! Unamlinda mwizi?"

"Nawalinda ninyi," Jafari alisema. "Mkimuua huyu, kesho mtafungwa, nami nitawaambia wake zenu nini? Nimeshampigia afande. Yuko njiani."

"Afande wa nini? Mwenye mali yupo hapa. Moza! Huyu ndiye?"

Sixbert alimtazama Moza.

Moza alikuwa na hasira. Mawazo yake yalikwenda kwenye sketi ishirini na mbili za shule zilizokatwa na kusubiri juu ya kitanda. Fundi aliiona cherehani, aliipenda, na alijua nyumba itakuwa tupu. Nani mwingine? Angeitikia kwa kichwa tu, shughuli ingeisha.

"Aliiona," alisema. "Aliingia ndani akaikagua. Lakini kuichukua sikumwona."

"Sasa hapo unasemaje?"

"Nasema nilichokiona. Nisichokiona sisemi."

Mawe hayakutupwa. Si kwa sababu watu waliridhika, bali kwa sababu walianza kubishana wao kwa wao, na ubishi ule ulichukua dakika kumi. Katika dakika hizo pikipiki ya mkaguzi wa polisi wa kata iliingia mtaani.

Inspekta Restuta aliteremka, akavua kofia ngumu, akawaamkia wazee. Hakumfokea mtu. Alimwuliza Sixbert alikwenda wapi baada ya kutoka kwa Moza. Sixbert alijibu kwamba alifanya kazi kwa Veronika, mshonaji wa stendi, tangu saa nne na nusu hadi adhuhuri. Inspekta alimpigia Veronika, akaweka simu kwenye sauti kubwa ili wote wasikie.

"Fundi? Alikuwa hapa muda wote, afande. Kasimama kunywa chai tu. Kuna nini tena?"

Mtu mmoja alidondosha jiwe lake chini, taratibu, kama vile hakujua lilifikaje mkononi.

"Sasa tuanze kazi," Inspekta alisema. "Mama, cherehani yako ina namba?"

"Siijui, afande."

"Picha yake?"

"Sina."

"Alama yoyote?"

Kabla Moza hajajibu, Sixbert alisema, "Ina spoku ya baiskeli mahali pa skrubu, kwa chini. Ukiiinamisha utaiona. Na mhimili wa sindano umekwama. Aliyeichukua hatashona nayo, afande. Lazima aipeleke kwa fundi."

Inspekta aliandika. Kisha akawageukia watu.

"Wizi wa kwanza ulitokea siku gani?"

"Siku ya maziko ya mzee Abilahi," Naima alijibu.

"Wa pili?"

"Korosho? Siku ya..." Naima alisita. "Siku ya hitima yake."

"Na leo?"

Watu walijitazama. Wote walikuwa wamevaa nguo za msibani.

"Mtu akifariki hapa, kipaza sauti cha msikiti kinatangaza jina, nyumba na saa ya maziko," Inspekta aliendelea. "Ni jambo jema, watu wapate kufika. Lakini anayetaka kuiba naye anasikia. Anajua mtaa utakuwa mtupu kuanzia saa fulani hadi saa fulani. Na funguo mmemwachia nje."

"Afande, tuache kuzikana?" mzee mmoja aliuliza kwa ukali.

"Hapana, baba. Zikaneni. Ila wawili wabaki."

Sixbert aliondoka jioni ile. Watu wachache walimwomba radhi. Wengi walipita upande wa pili wa njia. Naima alimshonea bega la shati kwa mkono.

Siku ya tisa, akiwa mji wa Rutamba kikazi, Sixbert alipiga simu kwa Inspekta. Mshonaji wa huko alikuwa amemletea cherehani iliyokwama sindano. Aliiinamisha, akaona spoku. Hakugombana na yule mshonaji wala hakumwambia alichokiona. Alisema kazi itachukua siku mbili, akatoka nje, akapiga simu.

Mshonaji alikuwa amenunua bila kujua, naye akamtaja aliyemwuzia. Polisi walimkamata mtu aliyepanga chumba mtaa wa pili, mtu ambaye Mikoroshoni yote ilimfahamu kwa salamu. Alikuwa akija msibani kwanza. Alivaa kanzu na kofia, akapeana mikono na watu, akahakikisha fulani na fulani wamefika. Kisha aliondoka kimyakimya. Siku ile ya maziko ya adhuhuri alishikana mkono hata na Jafari.

"Mkono huu huu," Jafari alisema, akautazama.

Cherehani ilirudi na Sixbert mwenyewe. Aliiweka mezani, akaitengeneza kwa nusu saa.

"Nilisema kesho asubuhi," alisema. "Unisamehe kwa kuchelewa."

Moza alitaka kucheka, akashindwa. "Wangekuua, kaka."

"Wangeniua, na hii ingekuwa Rutamba mpaka leo."

Jumapili iliyofuata mtaa ulifanya mkutano. Inspekta Restuta alikuja na daftari. Walikubaliana mambo machache. Misumari ing'olewe, na kila familia ijue mtu mmoja wa kumwachia ufunguo. Kila mwenye kitu cha thamani apige picha yake na kuandika namba yake. Mgeni akija, asalimiwe na kuulizwa anamtafuta nani, kwa upole. Akishukiwa, apigiwe simu mjumbe au polisi kwa namba 112, na asiguswe. Na siku ya msiba, watu wawili wakae kwenye benchi mwanzo wa mtaa, wenye filimbi na daftari.

"Kwa nini wawili?" Naima aliuliza. "Mmoja hatoshi?"

"Mmoja akienda kuita watu, nani anabaki kuangalia?" Inspekta alijibu. "Mmoja si ulinzi. Mmoja ni mtu amekaa."

Zamu zilipangwa kwa wiki. Lakini msiba wa kwanza ulipotokea, wenye zamu walikuwa wanaume wawili, na wote wawili waliondoka. Mmoja alisema marehemu alisoma naye. Wa pili alisema hawezi kukaa peke yake kama mpumbavu. Kuku saba walipotea siku ile. Watu wakaanza kunong'ona kwamba zamu ni za wale wasio na maiti wa kuzika.

Jafari aliitisha mkutano tena. Hapo Moza alisimama.

"Mimi niliibiwa, nami nimerudishiwa," alisema. "Zamu yangu ikifika sitaondoka. Hata afe nani."

Bi Rehani alikuwepo, ameketi kwenye kiti cha plastiki, amejifunika kanga hadi kidevuni. Alikuwa mgonjwa tayari.

"Umesema mbele za watu, somo," alimwambia Moza walipokuwa wakirudi.

"Nimesema, bibi."

"Haya. Usije ukanitia aibu."

Miezi miwili ilipita. Misiba miwili zaidi ilitokea, na benchi lilikuwa na watu. Hapakupotea hata sufuria. Hakuna aliyesema sana juu ya jambo hilo. Wanawake walianza kuondoka majumbani mwao bila kugeuka nyuma mara mbili mbili.

Kisha, alfajiri ya Jumatano moja, kipaza sauti cha msikiti kilitaja jina la Bi Rehani. Maziko saa saba mchana. Wiki ile zamu ilikuwa ya Moza na Naima.

Kwa desturi yao, mwari ndiye anayemmiminia somo yake maji ya kuoshewa. Moza alilijua hilo tangu akiwa msichana. Alikaa kitandani kwa muda, kisha akavaa, akachukua filimbi na daftari, akaenda kwenye benchi. Naima alikuwa amekwishafika.

"Wewe umekuja kufanya nini hapa?" Naima aliuliza.

"Zamu."

"Moza, acha ukaidi. Huyu ni kama mama yako. Nenda kamuoshe, mimi nitabaki."

"Wewe peke yako?"

"Saa mbili tu. Nani atajua?"

"Kuku saba," Moza alisema.

Naima aliguna.

Nyumba kumi na moja zilifungwa moja baada ya nyingine. Wanawake walipita wakamtazama Moza. Mmoja alisema kwa sauti ya kusikika kwamba wengine hawana haya. Jafari alipita pia. Alisimama mbele yake, akataka kusema kitu, akaishia kusema, "Poleni na kazi."

Saa tano pikipiki ilikata kona na kuingia mtaani. Juu yake walikuwa wanaume wawili wasiowafahamu. Moza alisimama.

"Karibuni. Mnamtafuta nani tuwaelekeze?"

Walitazamana. "Tumepotea njia, mama."

"Mnakwenda wapi?"

"Tutauliza mbele." Waligeuza.

Huenda walipotea kweli. Moza hakuwaza zaidi ya hapo. Aliandika namba ya pikipiki na saa, akakaa.

Saa sita na nusu walisikia sauti za wanaume. Jeneza lilikuwa likipelekwa msikitini, na njia yake ilikatiza mwisho wa mtaa, hatua kama mia kutoka kwenye benchi. Kanga aliyoipenda Bi Rehani, ya kahawia, ilitandikwa juu yake.

"Kimbia basi ufike pale tu," Naima alisema. Alikuwa akilia. "Nitaangalia mimi. Kimbia."

Moza alisimama. Mguu mmoja ulisogea. Alitazama milango kumi na moja iliyofungwa, na mlango wake mwenyewe katikati yao.

"Hapa namwona," alisema.

Alibaki amesimama, mikono kifuani, mpaka kanzu ya mwisho ilipopotea nyuma ya ukuta. Kisha alikaa, akaweka filimbi mapajani, akageuza uso kuitazama milango.