Ufito, Farasi wa Kigongoni

Zama zile miji ya pwani ya kaskazini ilipojitawala yenyewe, kila mji na ukuta wake na siwa yake, baragumu la pembe, Vumbwe na Kowani iligombania visima vya Mkondoni hata makaburi yakakaribia kuzidi nyumba. Vumbwe ilikaa juu ya kigongo cha matumbawe, penye nyasi fupi na upepo wa chumvi. Kowani ilikaa bondeni, kando ya mto, ambako majani yalimfika mtu kifuani. Lakini kila kiangazi bahari ilipanda mtoni, na maji yake hayakunyweka.

Walipochoka kuzika, walikula yamini kwamba visima vitagombewa na farasi wawili, si na watu. Na ili pasiwe na mwenye kuthubutu kuanza vita tena, kila mji ulichukua mwanafarasi wa mwenzake ukamlea. Siku ya shindano kila farasi angekimbia kwa niaba ya mji aliozaliwa, kutoka mdomo wa mto, kupitia mchangani na kwenye matumbawe, mpaka visimani, na mji wa mshindi ungeshika visima mpaka kizazi kingine cha farasi kikue.

Mwanafarasi wa Kowani alikabidhiwa Mwana Zena, dada yake Jumbe Shee wa Vumbwe, kwa kuwa marehemu baba yao alikuwa akileta farasi kutoka Arabuni. Sababu nyingine haikutamkwa. Lali, mwanawe wa pekee, alikuwa ameuawa kwa mkuki wa Kowani katika vita vya mwisho, na watu walitumaini kwamba kiumbe cha kulea kingemrudishia uhai usoni. Hakikumrudishia. Zena alilea kama mtu atwangaye: mikono kazini, moyo haupo.

Hata hivyo mikono ile ilijua kazi. Malisho ya kigongoni yalikuwa haba, yameota juu ya mawe ya chokaa, na mifupa ya mnyama aliyeyala ikawa migumu. Matumbawe yalimkaza kwato. Upepo ulifukuza mbung'o. Na kwa kuwa nyasi zilikuwa juu na maji yalikuwa chini, alipanda na kushuka kila siku, kifua chake kikapanuka. Alikuwa mwembamba kiasi kwamba vijana walimwita Ufito.

Masika ya mwisho kabla ya shindano, Jumbe Shee alipanda kigongoni, joho lake likipepea, akicheka.

"Dada, wajumbe wamemwona Johari, farasi wetu anayelelewa huko Kowani! Anang'aa kama amepakwa samli. Mgongo mpana, utalala juu yake usianguke."

"Kwani tunamchinja?" akauliza Zena.

Kicheko kikamkauka Shee.

"Atatangulia kwenye mchanga," Zena akaendelea kwa sauti ile ile kavu. "Akifika kwenye matumbawe atasimama. Amekulia topeni, Shee. Kwato zake ni laini kama boga lililochemshwa. Mnene wa majani mabichi hana pumzi."

Shee akamtazama Ufito, aliyekuwa akitafuna nyasi juu ya jiwe. Kisha akasema taratibu, bila kumtazama dada yake, "Kinamasi cha kusini kina majani marefu. Na mbung'o. Mpeleke huko masika yote. Nani atajua?"

"Atakayemshika kwato atajua."

"Ni visima vyetu, Zena!"

"Ndivyo nilivyoambiwa nilipoletewa Lali katika ngao."

"Basi hata kwa ajili yake! Wao ndio waliomuua."

Zena alitafuta hasira ndani mwake, kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye chumba alichokwisha kukipekua. Hakuipata. "Wakigundua," alisema, "watakuja na mikuki, nao watakuwa na haki. Sitaki mama mwingine aletewe ngao. Shuka, kaka. Mvua inakuja."

Siku ya shindano siwa mbili zililia pamoja. Watu wa Kowani walipomwona Ufito walivunjika mbavu.

"Huyu ni farasi au kamba ya kuanikia nguo?"

"Jamani Vumbwe, mlikuwa mkimlisha nini, hadithi?"

Jumbe Famau wa Kowani, bwana wa kilemba cha hariri, aliinamisha uso kwa fedheha.

Zena hakwenda uwanjani. Aliketi kigongoni, karibu na kaburi la mwanawe, akawaona kwa mbali wakitoka mdomoni mwa mto. Mchangani Johari alitangulia, na vigelegele vya Vumbwe vikapanda mpaka pale Zena alipokuwa. Kisha wakaingia kwenye matumbawe. Johari alipunguza mwendo, akachechemea, povu likamtapakaa shingoni. Ufito akampita bila kugeuza sikio, kama yuko njiani kwenda nyumbani.

Na kweli alikuwa akienda nyumbani. Alipita bendera ya visimani, hakusimama. Mpandaji alivuta hatamu bure. Mnyama alipanda kigongo mpaka kwenye malisho yake, akasimama mbele ya Zena. Zena aliuinua mguu wa farasi, akachomoa kipande cha tumbawe kwatoni, akakitupa.

Jumbe Famau alifika kwa miguu, akihema. Alivua makubadhi kabla ya kulikaribia kaburi.

"Ungeweza kumharibu," alisema.

"Ningeweza."

"Mwana Zena, huyo kijana wako…"

"Usimtaje."

Famau akazitazama zile nyasi fupi. "Wataalamu wangu wamemlea Johari kwa kila kilicho bora, na kumbe kilicho bora ndicho kilichomwangusha. Visima ni vyetu. Lakini farasi wetu hawatakuwa farasi bila kigongo hiki. Walee wanafarasi wetu hapa. Vumbwe wateke maji pamoja nasi."

"Kaapeni mbele ya kaka yangu," Zena akamjibu. "Siyo mbele yangu."

Wakaapa. Tangu hapo waliteka pamoja, na hapakuzikwa mtu tena kwa ajili ya maji. Nyimbo za miji ile zilihifadhi jina la Ufito, na kilemba cha Famau, na hata povu la Johari. Jina la Zena hazikulihifadhi.

Jioni ya siku ile ya shindano Zena aliwasikia wakishangilia chini, sauti za miji miwili zikiwa zimechanganyika hata hakuweza kuzitenga. Alingoja kuona kama kuna kitakachomgusa moyo. Ufito alikuwa akila karibu na kaburi, na Zena, kwa mazoea, akamsogeza kando kidogo asilikanyage.