Mkono wa Fundi Mwingine

Lori la vitunguu lilizima katikati kabisa ya lango la soko la jumla, asubuhi ambayo kila mtu alikuwa na haraka zake. Honi zililia, wachukuzi wakatukana, na mwenye lori, mkulima mrefu mwenye shati la drafti lililopauka mabegani, akabaki ameshika kichwa.

Fundi alikuja kununua nyanya tu. Alivaa gauni lake la njano la siku ya mapumziko, na kucha alikuwa amezisugua mpaka zikatakata. Lakini injini ikiugua mbele yake hawezi kupita, ndivyo alivyo. Akafungua boneti.

"Dada, utachafuka!"

"Kaka, ingia ndani, uwashe nikikwambia. Mengine niachie."

Paipu ya dizeli ilikuwa imelegea, inavuta hewa. Akaikaza, akapampu mafuta kwa mkono, lori likanguruma. Watu wakapiga makofi. Mkulima hakulitazama lori hata kidogo.

"Gereji yako iko wapi?"

"Nyuma ya kituo cha mafuta. Ulizia Fundi, mwanamke ni mimi peke yangu."

Basi, akaulizia. Akaja kwa breki, akaja kwa springi iliyokatika kwa magunia ya mbolea, akaja kwa taa ambayo wala haikuwa na tatizo. Jioni ikawa simu.

"Kitunguu wangu, leo umemliza nani?" Fundi humtania.

"Hakuna. Machozi yote nimekuwekea wewe."

"Wee, koma!"

Dada mkubwa wa Fundi, ambaye mdomo wake hauna breki, ndiye aliyemtia wasiwasi. "Huyo anakupenda wewe, au anapenda spana zako?" Fundi alicheka, lakini neno likamkaa rohoni. Siku ile ile akamwambia mpenzi wake kwenye simu, nusu utani: "Hujawahi kunijia boneti ikiwa imefungwa."

"Nimekusikia, mpenzi," akajibu mkulima.

Tangu hapo lori halikukanyaga gereji. Wiki tatu nzima! Simu ziliendelea, laazizi hapa, kipenzi pale, lakini akiuliza habari za gari anaambiwa ni zima kabisa. Lori la shamba, linalobeba tani za vitunguu kwenye barabara ya mashimo, liwe zima wiki tatu? Hayo akamwambie asiyejua magari.

Akalifuata sokoni akiwa na ovaroli yake. Akapiga magoti, akachungulia chini. Oili ilikuwa imebadilishwa, na si kwa mkono wake. Nati ya kutolea oili ilikazwa kwa ubabe mpaka kichwa kikaliwa, na pembeni oili ilikuwa inadondoka. Wivu ukampanda. Heri angemkuta na mwanamke mwingine, angalau angejua la kusema!

"Nani kagusa injini hii?"

Mkulima akashuka mbiombio. "Mpenzi, ngoja nikueleze..."

"Umepata fundi mwingine, sema tu! Na huyo fundi wako ni mchinjaji. Oili ikikuishia mlimani, injini inakufa, mavuno yako yanaozea barabarani!"

"Huyo mchinjaji ni mimi."

Akanyoosha mikono. Vifundo vimechubuka, ukucha wa dole gumba mweusi tii.

"Ulisema sijawahi kukujia boneti imefungwa. Ni kweli. Nikaona nijifunze mwenyewe, ili siku nikija ujue nimekuja kwako. Ila mambo ya spana, mh, Mungu hakunipa."

Fundi alitaka kuendelea na hasira, zikamkatalia. Akacheka mpaka wachukuzi wakageuka. Alimpenda, tena sana, na hakuona sababu ya kumzungusha mtu aliyejiponda vidole kwa ajili yake.

"Nisikilize. Kuanzia leo injini hii huigusi. Lori linalala gereji mpaka Jumatatu, niitoe hiyo nati."

"Na vitunguu vya Jumamosi?"

"Jumamosi huna kazi ya vitunguu. Mchukue shangazi yako, vaa shati lenye vifungo vyote, mje kujitambulisha kwa mama saa nne. Anawangoja."

Mkulima akaduwaa. "Mama anajua habari zangu?"

"Ndio kwanza nampigia sasa hivi," alisema Fundi, akafuta mkono kwenye ovaroli na kutoa simu.