Msusi Aliyedai Nauli Yake

Nyumba yao haikuwa na utulivu tangu asubuhi. Sebuleni mke alisuka nywele za wateja. Uani mume alitengeneza friji na viyoyozi. Majirani walimwita mume Fundi Baridi. Jina lilitokana na kazi yake, na pia kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona amekasirika. Mke walimwita Msusi. Yeye alikasirika kwa niaba ya wote wawili.

Wiki ile kila mteja aliyekaa kitini alisikia habari moja.

"Jumamosi tunapanda ndege," Msusi alisema, vidole vikikimbia kichwani mwa mteja. "Binti yangu ni mjamzito. Daktari amemkataza kunyanyua hata ndoo, na mumewe yuko kazini kutwa. Nani atamwangalia kama si mama yake?"

"Na Fundi anaenda kufanya nini?"

"Kubeba mabegi. Akishanifikisha, atarudi kwa friji zake."

Tiketi walinunua kwa wakala wa safari. Nauli ile ilimaliza karibu akiba yao yote.

Alhamisi Fundi alipanda ngazi kufunga kiyoyozi dukani kwa mtu. Ngazi iliteleza. Alianguka, akavunjika mfupa wa paja. Hospitali ilimlaza ili afanyiwe upasuaji.

Ijumaa mchana jirani yao mmoja alikuja kumwona. Jirani huyu alifanya kazi uwanja wa ndege, kwenye dawati la abiria. Yeye pia ndiye aliyesoma matangazo ya ndege kwenye vipaza sauti. Mtaani walimwita Tangazo. Hata akiomba chumvi, sauti yake ilifika nyumba ya tatu.

"Pole sana, shemeji!" alisema, na wagonjwa wote wodini wakageuka. "Na safari je? Mmeshaifuta?"

"Tuifute ya nini?" Fundi alijibu. "Kesho hatutatokea. Wataona wenyewe."

"Hapana, shemeji. Kutotokea si kufuta. Ndege ikiondoka na hamjasema neno, mnaandikwa abiria walioachwa na ndege. Hapo mara nyingi hupati kitu. Futeni leo."

Msusi alikuwa ameshatoa simu. "Nimpigie nani?"

"Mlimlipa nani?"

"Wakala."

"Basi anza na wakala. Aliyepokea pesa ndiye wa kwanza kuulizwa. Na usiridhike na maneno ya mdomo. Mwambie akutumie ujumbe kwamba safari imefutwa."

Wakala alipokea simu kwa sauti ya upole. "Nitafuta, mama. Lakini tiketi zenu ni za bei nafuu. Hizo hazirudishiwi pesa."

"Futa kwanza, mwanangu, halafu nitumie ujumbe. Hayo mengine tutayazungumza."

Ujumbe uliingia. Msusi aliusoma mara mbili, akauhifadhi.

"Umesikia mwenyewe," Fundi alisema. "Hiyo imeliwa. Tushukuru mguu upo."

"Mguu upo, na nauli itarudi," Msusi alijibu. "Sikusimama na kitana mchana kutwa ili nilipie kiti kitupu."

Tangazo alicheka, akavuta kiti. "Nifungulie ile tiketi kwenye simu. Kila tiketi ina masharti yake. Watu hawayasomi kwa sababu maandishi ni madogo kama mayai ya chawa."

Waliyasoma pamoja, polepole. Kweli, tiketi ile haikuwa ya kurudishiwa pesa kama abiria amebadili nia tu. Lakini chini kulikuwa na maneno mengine. Abiria akilazwa hospitalini, akafuta safari kabla ya ndege kuondoka, na akaleta hati ya daktari, atarudishiwa nauli baada ya kukatwa ada ndogo. Na mwenzake aliye kwenye tiketi hiyo hiyo pia atarudishiwa.

"Mbona wakala hakuniambia?" Msusi aliuliza.

"Hukumuuliza. Shirika hili linasema hivi, lingine lina masharti tofauti. Na hata nauli isiporudi, ulizia kodi na ada za uwanja wa ndege. Hukusafiri, hukutumia uwanja. Hizo mara nyingi zinarudi. Na siku shirika lenyewe likifuta ndege, dai nauli yako. Usiambiwe tiketi ilikuwa ya bei nafuu."

Baada ya upasuaji Fundi alitaka kusaidia. Akiwa kitandani, aliandika malalamiko kwenye ukurasa wa shirika mtandaoni, akaweka na namba yake ya simu. Hazikupita dakika nyingi, mtu akampigia.

Msusi aliingia wodini akamkuta mumewe anatabasamu, simu sikioni.

"Mke wangu, wamenipigia wenyewe! Wanarudisha pesa sasa hivi. Wametuma namba kwenye simu yangu, wanataka niwasomee tu."

"Umewasomea?"

"Mbili za mwanzo."

Msusi alimpokonya simu, akaikata.

"Baba watoto! Mtu anayekuletea pesa anataka namba yako ya siri ya nini? Namba hiyo ni ya kutolea pesa!"

Fundi alimpa kadi ya benki. Msusi akapiga simu benki, kwa namba iliyoandikwa nyuma ya kadi yao. Pesa kidogo iliyobaki ilikuwa salama. Tangazo aliposikia, alishika kichwa. "Matapeli wanakaa humo humo mtandaoni wakisubiri watu wanaolalamika. Namba ya shirika chukua kwenye tiketi yako au kwenye tovuti yao wenyewe. Anayekutafuta yeye, mwogope."

Hati ya daktari ilipotoka, Msusi aliifanyia nakala. Nakala alizipeleka ofisini kwa wakala, hati yenyewe akabaki nayo. Wakala alikuwa kijana mwenye tai iliyonyooka. Alisoma hati, akakuna kidevu.

"Mama, kuna njia ya haraka. Nikupe vocha. Mtasafiri nayo ndani ya miezi sita."

Vocha ilivutia. Ingetoka siku ile ile. Lakini Msusi alimfikiria mumewe na mguu wake.

"Na miezi sita ikiisha hatujasafiri?"

"Inakufa."

"Masharti yanasema vocha au pesa?"

Kijana alitazama kompyuta yake kwa muda. "Pesa," alikiri. "Lakini pesa inachelewa, mama."

"Nitaisubiri. Nipe namba ya madai yangu."

Alipewa. Kuanzia hapo, kila Jumatatu kabla ya kushika kitana, Msusi alimpigia wakala. Jibu lilikuwa lile lile: shirika halijalipa.

Fundi alirudi nyumbani akitembea kwa magongo. Binti alijifungua salama, mtoto wa kike. Lakini siku moja alipiga simu akilia.

"Mama, silali. Akinyamaza mtoto, naanza kulia mimi. Utakuja lini?"

"Nakuja, mwanangu," Msusi alisema. Alikata simu, akajifuta macho kwa kanga. Mteja alikuwa kitini, upande mmoja wa kichwa umesukwa na mwingine umesimama wima.

"Nisamehe kidogo," Msusi alimwambia, akapiga namba ya shirika iliyokuwa kwenye tiketi. Alitaja namba ya madai. Upande wa pili mwanamke alibofya kompyuta, akasoma.

"Mama, pesa yako tulishamrudishia wakala wiki mbili zilizopita."

Msusi alihisi damu ikimpanda kichwani, lakini hakufoka. "Naomba uniandikie maneno hayo hayo, unitumie."

Ujumbe ulipoingia, alivaa viatu.

"Na mimi je?" mteja aliuliza, akishika upande uliosimama.

"Subiri hapa, au twende."

"Twende! Nikae hapa nikose haya?"

Waliingia ofisini wakiwa wawili. Kijana wa tai alipowaona, aliinua mikono. "Mama, shirika bado..."

Msusi aliweka simu mezani. "Soma."

Kijana alisoma. Masikio yalimwiva. Alimwita meneja, naye akatoka chumba cha ndani akiwa ameshika kikombe cha chai.

"Inawezekana ilichanganyika na hesabu nyingine za ofisi," meneja alisema.

"Basi ichambueni!" mteja alisema. "Mtu mzima nina nusu kichwa hapa!"

Wateja waliokuwa kwenye foleni waliangua kicheko. Msusi hakucheka. Alisema kwa sauti ya chini, "Shirika limelipa. Ushahidi ninao. Nikitoka hapa bila pesa, naenda moja kwa moja kwa mamlaka ya usafiri wa anga kuwashtaki. Binti yangu ananihitaji. Sina muda wa kuja tena."

Meneja aliweka kikombe chini. Walitafuta kwenye kompyuta, wakaipata. Pesa ilirudishwa kwenye akaunti ile ile iliyolipa tiketi, ikiwa imekatwa ada ndogo tu. Msusi hakuinuka kitini mpaka benki ilipomtumia ujumbe kwamba imeingia.

Nyumbani Fundi alitazama ujumbe ule, akatikisa kichwa. "Mimi ningeiacha, mke wangu."

"Najua. Ndiyo maana Mungu alikupa mimi."

Dada yake Fundi alikuja kumwangalia kaka yake. Msusi akaenda kwa wakala yule yule kukata tiketi moja, ya kwake. Kabla ya kulipa aliuliza, "Nikifuta safari, narudishiwa nini? Nionyeshe palipoandikwa." Kijana wa tai alimgeuzia kompyuta, wakasoma wote wawili mpaka mwisho. Ndipo Msusi alipolipa.

Alifika kwa binti yake saa sita mchana. Binti alifungua mlango, macho mekundu, kanga imefungwa upande upande, mtoto begani akilia.

Msusi aliweka begi chini, akanawa mikono, akampokea mtoto.

"Mama, nikupikie..."

"Nenda kalale," Msusi alisema.

Binti alijilaza bila hata kuvua viatu. Msusi alizunguka chumbani na mjukuu kifuani, akimpapasa mgongo. Kilio kilipungua, kikawa kwikwi, kisha kikakoma. Chumba kizima kilibaki na pumzi za watu wawili waliolala, na bibi mmoja aliyesimama katikati yao, hataki hata kukaa.