Mkono wa Laurian Kwenye Bodi ya Nta

Mume wangu aliinua mkono ili nifukuzwe kazi.

Mbele ya macho yangu! Nami nimesimama na birika la chai...

Jamani, ngoja niwaeleze. Ni Itigi, mwaka 1957, kwenye kampuni ya nta ya nyuki. Wanawake ndio tuliokuwa tukichuja nta, moshi machoni, moto usoni. Chama chetu cha wafanyakazi kilipigania kiti kimoja kwenye bodi mpaka kikapata. Tukamkalisha Laurian, mume wangu.

Siku hiyo nilitumwa kuwapelekea chai. Bodi ilikuwa ya watu watatu: meneja, mhasibu Mzungu mwenzake, na Laurian. Karani akamtafsiria Laurian maneno ya meneja:

"Meneja anataka wanawake wote waondolewe. Anayekubali ainue mkono."

Meneja akainua. Laurian naye akainua! Kisha akachukua biskuti kwenye sinia langu, akatafuna.

Nikatoka na sinia langu...

Sasa, tulikuwa na desturi yetu. Mwakilishi akitoka kikaoni anatoa taarifa uwanjani. Akidanganya, anayejua ukweli anasema "Rudia!" naye mwakilishi lazima aanze upya.

Laurian akasimama na uso wa msibani.

"Ndugu zangu, nimewapigania! Wazungu wamenishinda, wawili kwa mmoja."

Wanawake wakaanza kulia. Lakini mke amkatize mumewe mbele za watu? Kwetu hiyo ni aibu kubwa...

"Rudia!" nikasema.

"Dina, nenda nyumbani."

"Rudia, baba Anastasia! Mhasibu alikunja mikono, alikataa. Kura ya pili ilikuwa yako!"

"Kweli?" Luciana, mchujaji mwenzangu, akamsogelea.

"Meneja ameniahidi unyapara... Ningewarudisha taratibu, mmoja mmoja."

"Wazuri kwanza, siyo?" Luciana akatema mate chini. "Mshenzi!"

Tukazima moto wa mapipa yote ya nta, wanaume kwa wanawake. Nta ikaganda humo humo. Meneja akaitisha kikao kipya, na kiti cha Laurian akakikalia Luciana. Pendekezo likaanguka. Tukarudi kuchuja.

Jioni baba mkwe, mzee Mazengo, akaniita.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umemvua nguo mumeo hadharani, binti. Mwombe radhi, yaishe."

Laurian kakaa pembeni, kavimba, anasubiri.

Wasomaji wangu, mkimtuma mtu akawasemee, mhojini akirudi. Hata kama mnalala kitanda kimoja.

"Baba, nakuheshimu," nikamjibu mzee. "Ila radhi simwombi. Si leo, si kesho."