Matuta Magumu ya Njia ya Sanirajak

Nilikuwa nakata samaki aliyeganda wakati redio ilipoita. Dada yetu anayeishi kijiji cha Sanirajak alikuwa amejifungua msichana, na mtoto amepewa jina la mama yetu, Atuat, aliyetutoka Januari. Kwetu, mtoto anayepewa jina la marehemu huitwa kama marehemu mwenyewe.

"Mama amerudi," kaka yangu Sakiasi alisema. Akavaa buti haraka, la kulia mguu wa kushoto.

Huku kwetu, kaskazini ya mbali, hakuna barabara kati ya kijiji na kijiji. Kuna barafu ya bahari tu, saa nyingi bila kuona nyumba. Tulifunga sleji, kigari cha kuteleza kwenye theluji, nyuma ya pikipiki ya theluji. Jirani yetu, Shangazi Ulaayuk wa kikundi cha uokoaji, akaomba kwenda nasi. Alikuja na dumu la mafuta.

"Shangazi, unahama?" Sakiasi alimtania.

"Nakujua unavyoendesha."

Katikati ya safari ukungu ulitufunika. Kifaa cha kuonyesha njia kikazimika kwa baridi. Sakiasi akatazama matuta ya theluji.

"Nitayafuata haya. Yamejipanga vizuri."

"Ukiyafuata, utawasalimia sili kabla ya mama yako," shangazi alisema. "Kushoto kuna ukingo wa barafu. Baada ya hapo ni maji."

Sakiasi akazima injini. Shangazi alishuka, akafukua theluji laini kwa buti. Chini yake palikuwa na tuta gumu, lenye ncha kama ulimi. Lilielekea upande mwingine kabisa.

"Hilo laini ni la upepo wa leo, kesho litahama. Hili gumu limejengwa na upepo mkubwa wa kaskazini-magharibi, msimu mzima wa baridi. Kwenda Sanirajak tunayakatiza haya magumu, hivi." Akapitisha mkono mmoja juu ya mwingine. "Simama mara kwa mara, upime kwa mguu."

"Na kifaa?"

"Kiweke kifuani kipate joto. Ila kisikufanye usahau kutazama chini."

Tulisimama mara nyingi. Mwanzoni Sakiasi aliuliza, "Hivi, Shangazi?" Baadaye hakuuliza tena. Alipiga teke, akainama, akageuza usukani kidogo.

Ukungu ulipopasuka, matangi ya mafuta ya Sanirajak yalikuwa mbele yetu.

"Nilijua," Sakiasi alisema.

"Ulijua tangu lini?" shangazi akamuuliza.

Nyumbani kwake, dada alimpa kaka yangu mtoto. Sakiasi, mtu wa miaka arobaini, akapiga magoti.

"Mama, tumechelewa kidogo," alisema. "Lakini njia nimeijua."

Mama akapiga miayo.