Jicho la Sebuleni

Ninyi mnaofunga mlango jioni mkasema sasa tuko peke yetu, hebu sogeeni niwaeleze yaliyompata Elina wa Unyambwa. Aliyeingia kwake hakuvunja hata kitasa.

Ilikuwa Jumamosi, baada ya mavuno. Elina alikuwa uani, amekaa kwenye turubai, anapigapiga vichwa vya alizeti kwa fimbo. Mumewe Hezekia alikuwa kibarazani anakunywa uji. Hezekia alikuwa mnunuzi wa vitunguu, mtu wa safari za minadani, na mwaka huo aliiwekea nyumba yake mambo ya kisasa: taa za kuwashwa kwa simu, kufuli za geti na mlango za kufunguliwa kwa simu, na kamera ndogo juu ya kabati la sebuleni, yenye kichwa kinachogeuka, kinasa sauti na spika ya kusemea. Hata akiwa Mkalama aliweza kumsalimia mkewe kupitia kamera ile. Mwanzoni Elina alicheka, kisha akaizoea, mwishowe akaisahau.

Sasa sikieni kosa lilipokaa. Fundi aliyevifunga vifaa hivyo, kijana aitwaye Paschal, aliweka nywila yake mwenyewe, akamwambia Hezekia aibadilishe. "Nitabadilisha," alisema Hezekia. Mvua zikaja, zikaenda.

Simu ya Elina ikalia. Alikuwa Rebeka, mdogo wake, anasema huku analia. "Dada, usifungue kundi la kwaya. Nakuomba, usifungue."

Nani aambiwe hivyo asifungue? Elina akafungua. Akajiona mwenyewe, amesimama sebuleni kwake, kifua wazi, anapaka mafuta kovu la mahali lilipokuwa titi lake la kushoto kabla madaktari hawajalikata kwa saratani. Jambo hilo alilijua mumewe, na Rebeka, na Mungu. Hata kwenda shambani alikuwa akijaza kitambaa kwenye sidiria ili pengo lisionekane. Sasa kwaya nzima ililijua. Chini ya picha, kutoka namba ngeni, palikuwa na maneno: "Malkia wenu huyu hapa, nusu."

Elina alimwonyesha Hezekia simu. Aliingia ndani, Hezekia nyuma yake, akasimama pale pale alipopigwa picha, akainua macho. Picha ilitoka juu ya kabati. Simu ya Hezekia ilikuwa imebaki kibarazani, lakini kichwa cha kamera kilikuwa kinageuka polepole, kinamfuata Elina.

"Nani anaigeuza?" Hezekia alinong'ona, akaruka kutaka kuing'oa.

Elina akamshika mkono, akamvuta hadi uani. "Iache. Asijue kwamba tunajua."

Wakamwita Ziada, jirani wa nyumba ya mkabala, mwanamke mwenye duka la simu mjini. Ziada akaichunguza simu ya Hezekia, akatikisa kichwa.

"Dada Elina, huyu hakuvunja kitu. Mlimwachia ufunguo. Simu zilizounganishwa na mfumo wa nyumba yenu ni mbili. Moja ni ya shemeji. Ya pili imeandikwa Paschal Fundi."

Elina alimkumbuka Paschal na koti lake la kuazima, siku alipoleta posa kwa Rebeka, baada ya kazi ile ya kamera. Yeye, kama dada mkubwa, ndiye aliyejibu mbele ya wazee: "Mdogo wangu haolewi na mtu anayetambaa kwenye dari za watu kama panya." Watu walicheka. Paschal hakucheka.

"Twende polisi," alisema Ziada. "Ushahidi huu hapa."

"Polisi watamfunga tu," alijibu Elina. "Mimi nataka aonwe."

Jamani, moyo uliojeruhiwa hauna masikio! Hezekia aliondoka kwenda mnadani akiamini kwamba akirudi wataripoti pamoja. Elina hakumwambia alichokipanga.

Kesho yake aliketi mbele ya kamera, akampigia Rebeka, akasema kwa sauti ya kusikika: "Hezekia ameleta kifaa kinachohifadhi kumbukumbu ya kila aliyeingia kwenye kamera. Kiko kwenye droo ya kabati, kesho tunakipeleka polisi. Leo nyumba nzima tunakwenda Issuna msibani." Kila neno alilitoa taratibu, kama mtu anayemwaga mtama mbele ya kuku anayetaka kumchinja.

Adhuhuri akafunga nyumba, akabeba kikapu, akazunguka kwa nyuma akaingia kwa Ziada. Wakaketi dirishani, katikati yao simu ya Elina, ambayo Ziada alikuwa ameiunganisha na mfumo wa nyumba. Haukupita muda mrefu, geti likafunguka lenyewe. Paschal akaingia na mkoba wake wa kazi. Aliyemwona angedhani amekuja kutengeneza waya. Mlango nao ukamtii. Akaigeuza kamera itazame ukutani, akaanza kupekua droo.

"Sasa," alisema Elina.

Ziada akaiondoa simu ya Paschal kwenye mfumo, akafunga kufuli zote. Madirisha yalikuwa na nondo. Kule sebuleni kichwa cha kamera kikageuka kutoka ukutani, kikamtazama fundi wake.

"Karibu, Paschal." Sauti ya Elina ilitoka kwenye spika. "Unatafuta nini kwangu?"

Kijana akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Akabonyeza simu yake, ikakataa. Akavuta mlango, ukakataa. "Dada, nisamehe! Shetani alinipitia."

"Shetani hakuwa na nywila. Vua shati."

"Dada!"

"Vua, au niwaite vijana wa mtaa niwaambie nimekamata mwizi. Unajua wanavyomfanya mwizi."

Akavua.

"Na suruali."

"Elina, inatosha," Ziada alimshika bega. "Tumempata. Nipige simu kituoni."

Elina hakumsikia. Tangu ile picha ilipotumwa alikuwa hajala akashiba. Sasa alijisikia ameshiba. Paschal alisimama katikati ya sebule na nguo ya ndani peke yake, mikono kifuani. Elina akamrekodi kwa kamera ile ile, akaituma video kwenye kundi la kwaya, kisha kundi la mtaa, akaandika chini yake: "Naye huyu hapa, mzima."

Watu wakafurika getini, wengine na fimbo, wengine wameinua simu juu ya ukuta. Mtu akapaza sauti kwamba achomwe moto. Ziada akawapigia polisi bila kuomba ruhusa tena. Na hapo Elina akamwona Yunisi, mama yake Paschal, mjane aliyekuwa akiketi naye benchi moja kwenye kwaya. Alikuwa amekuja pekupeku, kitenge mkononi.

Elina akatoka mbio, akapenya watu hadi kwake. "Shikamoo, mama," likamtoka kwa mazoea.

Yunisi hakuitikia. "Picha yako ilipokuja niliifuta," alisema. "Nikapiga magoti, nikakulilia. Sikujua kwamba ni mwanangu. Na wewe tazama ulichonitumia. Nifungulie nimfunike."

Elina akampungia Ziada mkono afungue. Yunisi akaingia, akamzungushia mwanawe kitenge kama anavyofungwa mtoto aliyetoka kuoga. Elina akasimama mlangoni, mikono ameitanua kuwazuia vijana. Jiwe alilorushiwa Paschal likampata yeye, likampasua paji la uso. Polisi walipofika walimkuta bado amesimama hapo, damu machoni, analia.

Kituoni, mpelelezi mwanamke alisikiliza yote. "Mama, ulilotendewa ni kosa, na atalijibu," alisema. "Lakini hii video ya pili, nani kaisambaza?"

"Mimi."

"Basi na wewe keti."

Paschal alikwenda gerezani. Elina alipewa kifungo cha nje. Hezekia aling'oa kamera na kufuli zake za simu, akarudisha za funguo, na kwa muda mrefu hakuweza kumtazama mkewe usoni, kwa maana uzembe ulikuwa wake. Video haikurudi. Ilifika hadi machimboni Sekenke, wakaicheka watu wasiojua mwanzo wake. Yunisi akaacha kwaya.

Baada ya hukumu Elina alikwenda kwake. "Mama, nimekuja kuomba msamaha."

Yunisi akampa kigoda, akamletea kikombe cha maji. "Maji ninayo," alisema. "Hicho ulichokuja kuomba sijakipata bado. Nakitafuta."

Elina akanywa maji, akaaga, akaondoka.

MAFUNZO YA HADITHI HII

Wenye nyumba, fundi akimaliza kazi, badilisheni nywila kabla hajafika barabarani, na mwangalie ni simu ngapi zilizounganishwa na vifaa vyenu. Kamera ikae getini; sebule ni mahali pa kupumzika binadamu. Mafundi, mnapokelewa kwa kuaminiwa, basi siri mliyoikuta ndani iacheni ndani. Nanyi mnaopokea picha za aibu mkazipeleka mbele, jueni kwamba kila aliyeituma ile ya Elina alimvua upya. Chungeni na midomo, maana neno la dharau lililosemwa mbele za watu huota meno.

Na wewe uliyedhulumiwa, hasira yako ni ya haki, lakini ipeleke kwenye sheria. Ukimvua adui yako nguo, atakayesikia baridi ni mama yake.