Rangi Iliyokataa Kukauka

Jumatatu waliipaka mashua rangi ya kijani, na kufikia Alhamisi rangi ilikuwa bado mbichi.

Walubengo aliigusa kwa kidole, akakitazama kidole chake, akakipangusa kwenye suruali. Matone yaliyodondoka nyasini yalikuwa yamekauka tangu Jumatatu jioni. Hata rangi iliyobaki mkebeni ilikuwa imefanya ngozi juu. Lakini ubavu wa mashua uling'aa kana kwamba brashi imeondolewa sasa hivi, na upande wa mbele, karibu na ncha, rangi ilianza kuteremka polepole kama uji.

"Umeweka nini kwa hii rangi?" akamuuliza mkewe.

"Si ni wewe ulichanganya."

"Mimi niliweka tapentaini kidogo tu. Hiyo haiwezi kufanya hivi."

Nakhungu hakujibu. Mtoto alikuwa analia mgongoni mwake, na alikuwa amelia hivyo tangu alfajiri, kama jana, kama juzi, kama siku zote arobaini na mbili tangu azaliwe. Zahanati walisema hana ugonjwa. Kadi ya kliniki ilimwita Joy, lakini hilo lilikuwa jina la kadi. Jina la nyumbani hakuwa nalo bado. Kwa watu wao kule Bungoma, mtoto anayelia bila ugonjwa anadai jina. Mkubwa wa nyumba humkalisha magotini na kumtajia wafu wa ukoo, mmoja mmoja, na mtoto anaponyamaza, jina lililotajwa wakati huo ndilo lake. Mama Edah, mamake Walubengo, alikuwa anawangoja kijijini Myanga kwa kazi hiyo. Wao walikuwa wameahirisha mara mbili kwa ajili ya mashua.

Mwaka huo ulikuwa wa 2004, Novemba, na mahindi ya Trans-Nzoia yalikuwa yamekatwa na kusimamishwa mashambani katika vibanda yakauke. Mashua ilikuwa ya Mzee Wanyoike, mkulima aliyekuwa na shamba upande wa Saboti. Shambani kulikuwa na bwawa la zamani. Mzee alikuwa amemwaga samaki humo, akajenga gati la mbao ambalo aliliita bandari bila kucheka, kisha akaenda hadi ziwani na kurudi na mashua kuukuu ya uvuvi juu ya lori. Alitaka wageni wake wa Krismasi wazungushwe bwawani. Walubengo, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika vibao vya maduka mjini Kitale, ndiye aliyeitwa kuipaka.

Mzee alishuka kilima amevaa gambuti, mikono mgongoni.

"Fundi, nimewaleta kupaka ama kupiga kambi?"

"Rangi imekataa kukauka, Mzee."

"Rangi ni mtu, ati ikatae? Paka ingine juu."

"Siwezi. Chini kuna rangi mbaya. Hii ni ya kukwangua mpaka kwa mbao yenyewe."

Mzee Wanyoike aliitazama mashua. Alikitazama kile chuma cha kukwangulia mkononi mwa Walubengo kwa muda mrefu kuliko chuma kinavyostahili kutazamwa.

"Shauri yako," akasema. "Mimi nataka iko majini Jumamosi." Akapanda kilima haraka kuliko alivyokuwa ameshuka.

Basi wakakwangua. Chini ya kijani chao kulikuwa na samawati, chini ya samawati nyeupe, kisha nyekundu, kisha samawati nyingine, kisha manjano, kisha lami nyeusi. Rangi sita, za wenye mashua waliopita.

"Hakuna hata mmoja alikwangua," Walubengo akasema. "Kila mtu anapaka juu ya mwenzake. Wavivu, bana."

Nakhungu alikuwa mbele, karibu na ncha. Alisikia harufu kabla ya kuona kitu. Ilikuwa harufu ya omena, wale dagaa wa ziwani, na maji ya kina, ilhali mashua ilikuwa imekaa miezi mitatu juani, juu ya magogo, katika nyasi kavu. Ndani ya mashua kitu kilipiga mbao taratibu, chwap, chwap, kama maji yanavyopiga. Aliinuka akachungulia. Kulikuwa na vumbi na jani moja la mkaratusi.

Lami ilipong'oka, herufi zikatokea. Zilikuwa zimechongwa kwa kisu, ndani sana, na kingo zake zilikuwa mbichi kana kwamba zimechongwa asubuhi ile. Nakhungu aliishia darasa la nane, na tangu hapo hakuwahi kuliona neno likampita. Alisoma mifuko ya unga, alisoma magazeti yaliyofungia nyama. Kidole chake kilipita juu ya herufi na mdomo ukafuata kabla hajafikiri.

"Taaka," akasoma.

Mtoto akanyamaza.

Hakunyamaza kama mtoto anayechoka, kwa kwikwi na kushusha pumzi. Kilio kilikatika katikati, kama redio iliyoishiwa na betri.

Walubengo aliinua kichwa akitabasamu, kisha tabasamu likamtoka.

"Umesema nini?"

"Nimesoma tu."

"Umesomea mtoto?"

"Nimesomea mbao."

"Na mtoto alikuwa wapi?"

Nakhungu alishika fundo la leso kifuani. Wote wawili walikulia Bungoma, na hakuna aliyehitaji kumweleza mwenzake.

"Mama asisikie hii," Walubengo akasema kwa sauti ya chini. "Umesikia? Huo mdomo wako wa kusomasoma."

Wakapaka upya saa saba. Nakhungu ndiye aliyepaka juu ya jina. Safari hii rangi ilikauka wakiitazama, kutoka nyuma ya mashua kuja mbele, na mvua ya saa tisa ilipokuja iliteleza juu yake kama juu ya bati. Ni juu ya zile herufi tu ambapo rangi haikushika.

Ijumaa Nakhungu aliamka akiwa amelala usiku kucha. Hakuwa amelala hivyo tangu ajifungue, na aliona haya kwa jinsi alivyofurahi. Mtoto alikuwa macho kando yake, akitazama ukuta. Leso ilikuwa chapachapa. Aliinusa. Haukuwa mkojo. Yalikuwa maji baridi yenye harufu ya matope. Nyuma ya sikio la mtoto palikuwa na kitu kinachong'aa, akakibandua kwa ukucha. Kilikuwa gamba la samaki.

Wao hawakuwa wamekula samaki mwezi mzima.

Alitia maji ya uvuguvugu kwenye karai, akamweka mtoto mkononi kama kila asubuhi, na mtoto, ambaye kila asubuhi alilia mpaka majirani wakagonga ukuta, aliteleza kutoka mkononi mwake kama sabuni na akashuka mpaka chini ya karai, akalala pale chali, macho wazi, akimtazama mamake kupitia maji bila kurusha mguu, bila kutoa hata kiputo kimoja puani, na kwa muda ambao Nakhungu hangeweza baadaye kusema ulikuwa mrefu kiasi gani mikono yake ilikataa kumtii, kwa sababu mtoto alikuwa anatabasamu. Alipomnyakua hakukohoa. Alimfinya paja, akamwomba Mungu amsamehe, akamfinya tena kwa nguvu. Hakulia. Aliweka sikio kwenye kifua kidogo.

Chwap, chwap.

Walubengo aliporudi alimkuta mkewe ameketi mlangoni, nguo za safari zimefungwa.

"Tunaenda kwa Mama," Nakhungu akasema. Hakuwa mtu wa kumwamuru mumewe. Walubengo alimtazama mtoto, akachukua mfuko.

Walifika Myanga Jumamosi mapema. Mama Edah alikuwa amevaa sare yake ya kanisa, kwa maana alikuwa na mkutano wa akina mama. Hakuwakaribisha chai.

"Mtoto wa wiki sita ndio mnaniletea leo? Mlikuwa mnangoja aanze shule?"

Akaketi sebuleni, akampakata mtoto magotini, akaanza kwa sauti ya kawaida kama anayeita watu waje kula. Nasimiyu. Nekesa. Naliaka. Nelima. Aliwataja wafu wa upande wa mume, akawataja wa upande wa Nakhungu, na kila jina mtoto alilisikia kwa utulivu ule ule, huku maji yakidondoka kutoka kwenye visigino vyake hadi kwenye sare ya kanisa, tone, tone, mpaka sakafuni. Mama Edah akaacha kutaja.

"Nani alimwita kabla yangu?" akanong'ona.

Walubengo aliangalia miguu yake. Nakhungu akasema yote.

Mama Edah alimrudisha mtoto mikononi mwa mamake haraka, kama anayerudisha sufuria ya moto.

"Huyo Taaka si wetu. Hilo ni jina la watu wa ziwa. Na jina halichongwi kwa mashua bure, kuna kitu kinaliita. Sasa sikiliza, wewe mwenye kusoma. Mtoto amekubali kwa kunyamaza, lakini kwa mdomo hajaitika. Siku atakapoitwa akaitika kwa mdomo, ameenda. Kwa sababu anayeitika ndiye mwenye jina, hakuna mwingine. Rudini mlifunike leo, jua likiwa juu."

"Mama, tuombee basi," Walubengo akasema.

"Nitaomba mkiwa njiani. Tokeni."

Kwenye lango la Mzee Wanyoike walikutana na mkewe, aliyeitwa Wangu, amebeba ndoo ya maziwa. Alimwona mtoto aliyetulia, akaona leso inayodondosha maji, akaweka ndoo chini.

"Mlikwangua," akasema.

"Kwani ulijua?" Walubengo akamsogelea. "Ulijua na ukanyamaza?"

"Nilimwambia Mzee awaambie. Yule mvuvi aliyemuuzia mashua alimshika mkono akamwambia, pakeni juu, msikwangue. Ati jini la ziwa lilimpenda bibi ya babu yake, Taaka, likamchukua akiwa ndani ya hiyo mashua na maji imetulia tu. Leso yake ndio ilibaki. Tangu hapo linakaa humo linamwita, na kila mwenye mashua anafunika jina ndio lisipate kuona. Mzee akaona mkijua mtakataa kazi." Akainua ndoo yake bila kuwatazama. "Msiingie na huyo mtoto kwa nyumba yangu. Ninawaomba tu."

Mashua ilikuwa tayari majini, imefungwa gatini kwa kamba mpya. Vijana wa shamba walikuwa wameisukuma asubuhi. Jua lilikuwa utosini na bwawa halikuwa na wimbi hata moja, lakini mashua ilikuwa inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, kama kifua.

Walubengo alipiga magoti kwenye gati akachovya brashi. Herufi zilionekana kutoka mbali, nyeusi, kama vidonda. Akapaka juu yake. Rangi iliteremka yote hadi majini. Akapaka tena.

"Shika," akaiambia rangi. "Shika, shetani wewe."

Nakhungu alikuwa amesimama nyuma yake na mtoto mgongoni, na ndipo harufu ilipokuja, ile ya omena na maji ya kina, nzito mpaka ikakaa ulimini, na zile chwap zilizokuwa ndani ya mashua na zile zilizokuwa ndani ya kifua kilichoegemea uti wa mgongo wake zikaanza kwenda pamoja, hatua kwa hatua, kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja, mpaka zikawa moja, na kutoka chini ya mbao, mahali ambapo hapakuwa na nafasi ya kumtosha hata paka, sauti ikaita, sauti tamu, isiyo ya mwanamume wala ya mwanamke, kama mtu anayemwita mpenzi wake aje ndani kwa sababu mvua inakaribia.

"Taaka."

Brashi ilianguka kutoka mkononi mwa Walubengo. Nakhungu alihisi kichwa kidogo kikiinuka mgongoni mwake, wima, imara, kichwa ambacho jana hakikuweza kujibeba. Alihisi mbavu ndogo zikipanuka, zikivuta pumzi ndefu, pumzi ya mtu mzima anayejiandaa kusema, na joto la mdomo ukifunguka karibu na shingo yake. Sauti ikaita mara ya pili. Na Nakhungu, ambaye tangu utoto alijulikana kwa kutojibu, ambaye mwalimu alimchapa kwa kunong'ona, akajibu kwa sauti iliyofika ng'ambo ya bwawa.

"Abee."

Mashua ikaacha kupanda na kushuka.

Kisha mtoto akalia. Alilia kwa hasira, kwa njaa, kwa mapafu yote mawili, mpaka bata wakaruka kwenye matete. Walubengo aliokota brashi akapaka, na rangi ikashika. Alipaka mara ya pili, ikakauka chini ya mkono wake, na jina halikuonekana tena. Akaketi palepale kwenye mbao akicheka na kujifuta macho kwa mkono wenye rangi. Kisha akainuka, akamfungua mtoto kwenye leso, akambeba akipanda naye kilima huku akimtikisa na kumtania kwa sauti yake mbaya.

Nusu ya njia akageuka.

"Nakhungu," akaita. "Njoo, mtoto ana njaa."

Mwanamke aliyesimama gatini hakusogea. Pindo la nguo yake lilikuwa limelowa, na maji yalikuwa yanapanda kwenye kitambaa kuelekea kiunoni.

"Nakhungu."

Mwanamke akatazama kulia, akatazama kushoto, apate kuona ni nani anayeitwa.